Kamera Ibaki na Nani? Kuagana katika Video ya Ngoma: Mfano wa Namoruputh, Turkana

Utangulizi

Fasihi simulizi, tunavyofunzwa tangu somo la kwanza, haisomwi bali hutendwa. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunaosoma Kiswahili vyuoni tumeziona ngoma za majirani zetu kwenye kioo cha simu kabla ya kuziona uwanjani. Vyama vyetu navyo vimefuata mkondo huo: badala ya kualika watazamaji ukumbini, twatengeneza video na kuisambaza. Makala haya yananuia kujadili jambo moja la kiutendaji ambalo lililetwa mbele yetu na kazi ya namna hiyo. Mtu akitunga ngoma inayohusu kuagana, akaicheza mahali pa umma na kuinasa kwa kamera, kamera hiyo ifuatane na nani baada ya njia kugawanyika: anayeondoka au anayebaki?

Swali hili halikuzuka maktabani. Lilizuka Namoruputh, kituo kidogo cha biashara katika eneo la Loima, magharibi mwa mji wa Lodwar, kwenye njia inayoelekea mpaka wa Uganda. Wanachama saba tulikwenda huko kupiga picha za video ya dakika tano hivi. Tulirudi na picha nyingi, ugomvi mmoja, na swali ambalo nimelitafuna kwa muda mrefu kabla ya kuliandika.

Neno kabla ya hatua

Tulianza na kamusi, kama ilivyo ada ya wanafunzi wa lugha wanapoogopa kuanza kazi. Safari hii kamusi ilitufaa. Kitenzi aga ni cha mtu mmoja: mgeni huaga, mzee huaga dunia. Kikitiwa kiambishi cha kauli ya kutendana, kinakuwa agana, na hapo kila mhusika ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Jambo hili tunalijibu katika mitihani bila kulifikiria. Lakini ukilipeleka uwanjani linageuka kuwa amri kwa mtunzi wa ngoma. Mchezaji mmoja akipunga mkono na mwenzake akasimama tu kama mlingoti, kilichochezwa ni kuaga. Ili iwe kuagana, sharti tendo limrudie aliyelianzisha.

Kuna maana nyingine ya agana ambayo wengi wetu tulikuwa tumeisahau: kupatana, kuwekeana ahadi. Ndiko tunakolipata neno agano na wingi wake maagano. Iwe ni mzizi mmoja au miwili iliyokutana, masikio ya mzungumzaji wa leo huzisikia maana hizo pamoja. Wanaoachana njia panda huwekeana neno. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba katika ngoma yetu lazima kuwe na kitu kinachobadilishana mikono, hata kama ni kipande cha kijiti.

Maneno mengine tuliyapitia na kuyaweka kando. Achana lina harufu ya talaka. Farakana lina ugomvi ndani yake. Tengana halisemi kama watu walitaka kutengana au walilazimishwa. Takana buriani ni zito mno: huko ni kusameheana kwa kuwa huenda watu wasionane tena, na sisi hatukutaka kuzika mtu njiani. Neno lililotushika ni kusindikiza.

Kusindikiza ni kuagana kunakotembea. Mgeni akishasema kwaheri mlangoni, mwenyeji hutoka naye. Watafika kwenye uzio, watafika kwenye mti, watafika barabarani, na kila kituo kitakuwa na kwaheri yake. Mgeni atasema, “Basi rudi sasa,” na mwenyeji atajibu, “Nakusogeza kidogo.” Mwenye kuhesabu atakuta kwamba wameagana mara nne kabla ya kuagana. Hili si la Waswahili wa pwani peke yao. Kila aliyelelewa kijijini katika Afrika Mashariki analijua. Na kwa mtunzi wa ngoma lina faida kubwa: lina njia, lina vituo, lina urudiaji, na lina mtu ambaye hatimaye hugeuka na kurudi peke yake.

Kwa nini Namoruputh

Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Loima, na kwa ukweli hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Alikuwa na mahali pa kutulaza. Sababu ya pili ilijitokeza baadaye. Njia hii ni njia ya kuondokea. Ukame unapokaza, wafugaji wa Kiturkana wa upande huu huelekea magharibi na mifugo yao, kwenye milima ya Loima na kuvuka hadi Karamoja nchini Uganda, kutafuta malisho na maji. Vijana huondoka na ng'ombe. Wazee, akina mama na watoto wadogo wengi hubaki. Kuagana hapa kuna majira yake kama kilivyo kilimo kwingineko.

Tena ni kuagana kunakotegemea maagano, kwa ile maana ya pili. Huko Lokiriama, mbele zaidi kwenye njia hiyo hiyo, Waturkana na Wamatheniko walipatana amani mwaka 1973, na mapatano hayo hukumbukwa hadi leo kwa mkutano wa jamii za pande zote mbili. Mnamo Septemba 2019 marais wa Kenya na Uganda walishuhudia mjini Moroto kutiwa saini kwa mkataba wa ushirikiano wa mpakani. Mwaka 2023 Rais wa Uganda alitoa amri iliyowapa wafugaji wa Kiturkana miezi sita kusalimisha silaha haramu, la sivyo wafukuzwe. Mama anayemsindikiza mwanawe hadi kwenye mti wa mwisho hajui kama amri nyingine itatoka kabla ya mvua kunyesha. Kwa hiyo tusije tukadhani kwamba tulikwenda kuigiza jambo jepesi.

Uwanja wenye wenyewe

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walitaja mambo manne yanayounda sanaa za maonyesho: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Mulokozi (1989) naye, akizipanga tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fani hutegemea fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Kwa ngoma ya uwanjani mambo haya hukutana saa moja, mahali pamoja. Video huyatawanya. Uwanja ni Namoruputh, lakini mtazamaji yuko bwenini Eldoret. Wakati wa kutenda ni asubuhi moja, lakini wakati wa kutazama hauna mwisho. Na tena kuna watazamaji wa aina mbili ambao hawajuani: walio pale njiani, wanaoweza kuingilia, kucheka, kuimba au kukataa, yaani hadhira tendi, na walio mbele ya kioo, ambao hata wakikasirika mchezaji hawasikii.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba mahali pa umma ni mahali pasipo mwenyewe. Tulichagua mti mzuri wenye kivuli kipana, karibu na njia, tukaanza kupanga wachezaji. Mwenyeji wetu alikuja mbio. Mti ule ulikuwa wa wazee. Waturkana huuita ekitoe ngikiliok, mti wa wanaume, na chini yake ndiko mashauri ya jamii hukatwa. Hakuna ukuta wala lango, lakini ni baraza kamili. Tulihamia upande wa pili wa njia, kisha tukarudi chini ya mti ule kwa namna iliyostahili: kusalimia, kukaa, kueleza nia yetu na kusubiri. Kusubiri kulichukua nusu siku. Mmoja wetu alilalamika kwamba tunapoteza mwanga. Hakujua kwamba ile nusu siku ndiyo iliyotupa wachezaji.

Sheria nazo hazikuwa mbali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222 ya sheria za Kenya, humtaka anayepiga filamu ya kuonyeshwa hadharani awe na leseni. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 huihesabu ngoma kuwa mali ya jamii, na kimsingi hutaka jamii iombwe idhini baada ya kuelezwa matumizi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huifanya sura ya mtu inayotambulika kuwa data yake binafsi, na kwa mtoto hudai idhini ya mzazi au mlezi. Makaratasi haya yanachosha, sikatai. Lakini mwanafunzi wa fasihi simulizi ayasome, kwa sababu yanauliza lile lile swali tunalouliza darasani: fani hii ni ya nani?

Ngoma bila ngoma

Neno ngoma katika Kiswahili hubeba mchezo na ala kwa pamoja. Edonga ya Waturkana hulitia neno hilo katika mtihani, maana ni ngoma isiyo na ngoma. Mdundo wake ni makofi, sauti za waimbaji na vishindo vya miguu. Wachezaji hujipanga, huimba kwa kupokezana, na mmoja au wawili hutoka mbele kuruka juu, mwili ukiwa umenyooka. Kijana anayemsifu fahali wake huinua mikono kuiga pembe. Hakuna anayekwenda mbali: arukaye huanguka pale pale alipoondokea.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililotuvutia. Anayebaki ni nani, kama si mtu anayeondoka kila siku kwa moyo na kuanguka pale pale? Tuliona tumepata picha yetu. Tukawaendea akina mama watatu na vijana wanne waliokubali kucheza, tukawaeleza kwamba wataruka polepole, nyuso zikiwa na huzuni, huku kijana mmoja akiondoka na fimbo yake.

Mama mmoja alicheka hadi akakaa chini. Alisema hawezi kuruka hivyo huku anasikitika. Akisikitika atakaa nyumbani. Tulijaribu kumshawishi, na nakiri kwamba tulimsumbua. Ni yeye aliyetoa shauri lililoiokoa kazi. Waache waruke kama kawaida, kwa furaha, lakini wamtoe mtu mmoja kwenye mstari na wasiizibe nafasi yake. Wakacheza hivyo. Walipiga makofi kulia na kushoto kwa pengo, wakaimba kwa sauti kamili, na pengo likabaki katikati kama jino lililong'oka. Hakuna uso hata mmoja ulioonyesha huzuni. Kila aliyeitazama picha hiyo baadaye ameuliza, “Huyo wa hapo katikati yuko wapi?”

Somo la kiufundi hapa ni fupi. Huzuni ikiwekwa usoni mwa mchezaji, video inamwambia mtazamaji ahuzunike. Ikiwekwa katika mpangilio wa watu, mtazamaji huitafuta mwenyewe.

Msichana aliyeachwa nyuma

Siku ya pili tulipiga sehemu ya kusindikiza. Wachezaji wawili, kijana na msichana wanaoigiza ndugu, walianza karibu na maduka wakatembea kuelekea magharibi. Kwenye jiwe la kwanza walisimama, wakaagana kwa hatua tulizozitunga, kisha wakaendelea. Kwenye kichaka wakaagana tena. Kwenye mkondo mkavu wa mto wakabadilishana kijiti, msichana akasimama, kijana akavuka. Mpiga picha wetu akavuka naye. Alimfuata hadi akawa mdogo kama nukta kwenye vumbi, picha ikawa nzuri, sote tukashangilia.

Mzee mmoja alikuwa ametufuata tangu madukani akiwa na kigoda chake. Aliuliza kupitia kwa mkalimani wetu, “Anayeondoka ni nani?”

“Hakuna, apa. Tunaigiza tu.”

“Na yule msichana mliyemwacha kule nyuma, yeye si mchezaji?”

Tuligeuka. Msichana alikuwa bado amesimama ng'ambo ya mkondo, mbali, kijiti mkononi, hajui kama kazi imekwisha au bado. Hakuna aliyekuwa amemwambia arudi. Alikuwa amesimama juani kwa dakika kumi hivi, na kamera haikuwa na hata sekunde moja ya kusimama kwake.

Nimeitazama tena mifano tuliyokuwa tumeiiga bila kujua, na hapa sharti nimpeleke msomaji Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lodwar. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, wakati maelfu ya wavulana na vijana wa Sudan ya Kusini walipofika baada ya kukimbia vita na kupitia Ethiopia. Kuanzia mwishoni mwa 2000, zaidi ya 3,000 miongoni mwao walichukuliwa kwenda kuishi Marekani. Safari hiyo ilizaa filamu kadhaa za hali halisi, zikiwemo Lost Boys of Sudan (2003) ya Megan Mylan na Jon Shenk, na God Grew Tired of Us (2006) ya Christopher Quinn. Filamu hizi mbili zinaanza na maisha ya kambini, vijana wanaagana na wenzao, kisha kamera inakwenda nao Marekani: Houston, Pittsburgh, Syracuse. Ni filamu zenye thamani, na watengenezaji wake walitaka kusimulia maisha ya ugenini. Lakini Kakuma ndani yake inakuwa mahali pa kuanzia. Walioshika waya wa uzio, wakapunga mikono, wakarudi mahemani, hadithi inawaaga na haiagani nao.

(Nifungue mabano hapa. Wako waandishi wa kigeni wasiopungua wanaodai kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya mahali pasipojulikana, au pasipo mahali. Kiswahili hakina neno hilo lenye maana hiyo. Ni jina la Waturkana la mahali pao, palipokuwa na watu kabla ya kambi. Dai hilo limenakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, na nadhani sababu ni ile ile: anayekutazama akiwa ndani ya ndege huona mahali ulipobaki kuwa si mahali.)

Leo Kakuma na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yana watu takriban 300,000. Wanaopata nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine ni wachache kila mwaka. Mnamo Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, waliokuwa wamekwisha kupangiwa safari walibaki, wengine wakiwa wameuza vyombo na kuaga majirani. Kiswahili kinalo neno la aliyeondoka bila kuaga: mtoro. La aliyeaga asiondoke sijalipata, na ningependa wanaleksikografia walio miongoni mwa wasomaji walifikirie. Ngoma inayomhusu mtu huyo kamera yake haina pengine pa kwenda. Ni lazima ibaki.

Ndipo tukapiga upya. Safari hii mpiga picha alisimama upande wa msichana. Kijana alivuka mkondo, akatoka nje ya picha, hatukumwona tena. Msichana akasimama. Tulimwambia asitende lolote hadi atakapochoka, kisha ageuke. Akarudi kwa njia ile ile: kichaka, jiwe, maduka, na katika kila kituo alifanya hatua za kuagana peke yake, nusu yake tu, nafasi ya mwenzake ikiwa hewa tupu. Kutenda bila kutendana. Kisarufi na kimchezo, aga imebaki baada ya kiambishi kuondoka.

Picha tuliyoifuta

Nilitaja ugomvi. Siku ya kwanza, kamera ikiwa juu ya gari dogo la mizigo, ilinasa bila kukusudia mambo yaliyokuwa yakiendelea nyuma ya wachezaji. Tulipotazama usiku tuliona, kwenye kona ya kushoto, mwanamke akimfunga mtoto wa kiume vifungo vya shati kando ya pikipiki iliyokuwa tayari kuondoka. Alivifunga, akavifungua, akavifunga tena. Pikipiki ikaondoka. Akafuta uso kwa mkono wa kanga, akatazama moja kwa moja kwenye kamera, kisha akaondoka.

Hakuna hatua tuliyotunga iliyokaribia vile vifungo vya shati. Sote tulijua.

Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba picha ile iwe ndiyo mwanzo wa video. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Palikuwa mahali pa umma, hatukujificha, Sheria ya Ulinzi wa Data yenyewe ina msamaha kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa pale kuchapishwa kwake kunapokuwa na manufaa kwa umma, tena, alisema, tukikata kila kilicho cha kweli tutabaki na maigizo yetu ya kijiti. Wengine tulisema kwamba sanaa ya chama cha wanafunzi si manufaa ya umma ya kiwango hicho, na mtoto hana idhini ya mlezi. Tuliuliza madukani. Hakuna aliyemtambua, huenda alikuwa mpita njia. Tulisubiri siku mbili.

Kilichoniamua mimi ni ule mtazamo wake kwenye kamera. Katika uwanja wa ngoma, mtazamaji akimtazama fanani na fanani akamtazama, kuna mazungumzo. Anaweza kusema toka hapa. Mama yule alitutazama, na jibu letu lilikuwa taa nyekundu ndogo. Yeye ni wa kubaki. Video ikifika kwenye simu za Namoruputh, na hufika, ataiona siku ile kila mtu atakapotaka kumwonyesha. Mwanawe ataibeba shuleni au popote alikokwenda, akioneshwa na wenzake machozi ya mama yake. Tulipiga kura, nne kwa tatu, tukaifuta. Mwenzetu hakubaliani nasi hadi leo, na nimemwahidi kusema hivyo katika makala haya.

Mambo ya vitendo

Kwa chama kinachotaka kujaribu kazi ya aina hii, nitaje machache yaliyotugharimu. Jua la Turkana likishapanda, nyuso hugeuka vivuli na mchanga hung'aa kupita kiasi. Pigeni picha kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha tena baada ya saa kumi jioni. Upepo huharibu sauti yote: rekodini nyimbo kando, ndani ya nyumba au nyuma ya gari, na mwombe waimbaji wapige makofi mara moja kwa nguvu mwanzoni ili mhariri aweze kuoanisha sauti na picha. Katika miruko, miguu na ardhi vionekane. Kamera ikiwekwa chini sana, mruko wa nusu mita utaonekana kama wa mita mbili, na wanaoijua edonga watawacheka.

La uhariri ni moja tu ambalo ningelirudia kwa sauti. Mhariri wetu, kwa mazoea ya video za muziki, aliikata safari ya kusindikiza kutoka dakika tatu hadi sekunde kumi na tano. Hatua zote zilionekana, vituo vyote vilikuwepo, lakini kusindikiza hakukuwepo, kwa kuwa maana yake imo katika kuchelewa. Tuliirudisha nzima, bila mkato, na tukakubali kwamba baadhi ya watazamaji wataichoka. Kurudi kwa msichana nako tukakuacha kwa urefu wake. Video ikawa ya dakika saba na nusu.

Nakala ya kwanza tuliipeleka Namoruputh kwa kadi ya simu, tukaitazamia chini ya mti wa wazee, safari hii kwa kualikwa. Yule mama mcheshi aliomba tuirudishe kwenye mstari wenye pengo mara tatu. Mzee wa kigoda aliitazama hadi mwisho, akauliza kijiti kilikwenda na nani. Hatukukumbuka. Tulitazama tena: msichana alikuwa nacho alipofika madukani, na kijana pia alivuka na chake. Kumbe wachezaji wenyewe walikivunja mara mbili kule mkondoni bila kutuambia, na hati yetu haikuwa na maagizo hayo.

Zoezi

Chagua mahali pa kuondokea karibu na chuo chako: stendi ya mabasi, kivuko, lango la hospitali. Kaa hapo saa mbili bila kamera, uandike vitenzi vyote vya kuagana unavyovisikia, pamoja na viambishi vyake vya kauli. Kisha tunga hatua za ngoma kwa ajili ya mmoja tu kati ya wawili wanaoagana, yule anayerudi nyumbani.